Gogo la mkaratusi linapasuka likiwa bado bichi: kosa si la maji

Swali: Nina shamba la mikaratusi wilayani Mufindi, miti ina miaka 12. Nilikata miti kadhaa nikaita watu wa dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika, waje kupasua. Magogo yalianza kupasuka nchani muda mfupi baada ya chensoo kupita, mengine yakitoa mlio kabisa. Mbao za 2x4 za futi 12 zilitoka mashineni zimepinda kama upinde, na mnunuzi amekataa nusu ya mzigo. Fundi anasema miti ilikuwa mibichi mno, kwamba ningeacha magogo yakauke miezi mitatu kwanza. Je, ni kweli? Na mbona paini wangu hawafanyi hivi?

Jibu: Si kweli, na ukiufuata ushauri huo safari ijayo utapoteza mbao nyingi zaidi ya hizi. Mbao inayopinda kwa sababu ya kukauka hupinda taratibu, siku baada ya siku. Zako zilipinda zikiwa bado juu ya mashine, maji yamejaa ndani yake. Gogo lililopasuka dakika chache baada ya kukatwa halijapoteza maji ya kutosha kulifanya lolote. Nguvu iliyolipasua ilikuwamo tangu mti umesimama shambani. Chensoo iliifungulia mlango tu.

Mti hunenepa kwa kuongeza tabaka jipya la seli chini ya gome. Seli hizo zinapokomaa na kuta zake kujaa lignini, kitu kinachozifanya ngumu, kila moja hutaka kufupika kwa urefu na kutanuka kwa upana. Haiwezi, kwa sababu imeshikamana na mbao ya jana na ya mwaka jana, ambayo imekwisha kuwa ngumu. Basi inabaki imevutika, kama mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli. Kesho yake linakuja tabaka jingine juu yake, nalo linavutika, na kila tabaka linaloongezeka linazidi kuyabana yaliyo ndani. Ndiyo maana mti uliosimama wima, umetulia, hauna hata upepo, sehemu yake ya nje inavutwa kwa urefu na sehemu ya katikati imegandamizwa kwa urefu. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko takriban theluthi mbili ya safari kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Huo ndio mkazo wa ukuaji.

Mti wenyewe unafaidika nao. Mbao mbichi huhimili kuvutwa kuliko inavyohimili kubanwa, na upepo unapouinamisha mti, upande unaobanwa una akiba ya mvuto inayopaswa kuisha kwanza kabla nyuzi hazijaanza kukunjamana. Mti mwembamba na mrefu kama mkaratusi unaihitaji akiba hiyo. Anayeumia ni mpasua mbao.

Nguvu yenyewe si ndogo. Kwa mikaratusi ya kupandwa, mkazo wa karibu na gome mara nyingi huwa kati ya megapaskali 5 na 20. Chukua 10: ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 100 hivi kwenye kila sentimita moja ya mraba ya mbao ya nje. Ukibandua ubao mwembamba wa upande wa gome kutoka kwenye gogo, unafupika papo hapo kwa takriban nusu milimita hadi milimita moja na ushei kwa kila mita. Sehemu ya kiini ikiachiwa, inarefuka. Milimita moja inaonekana kitu kidogo, lakini ubao mmoja wenye ukingo uliofupika na ukingo wa pili uliorefuka hauna njia nyingine ila kupinda.

Toa mbao mojawapo iliyokataliwa, ile iliyopinda kwa ukingo na si kwa uso wake mpana, uiangalie nchani. Tafuta kiini kilikuwa upande gani. Mistari ya ukuaji itakuonyesha, hata kama kwa mkaratusi ni hafifu. Ukingo uliokuwa upande wa gome ndio umeingia ndani kama tumbo la upinde, na ule wa kiini umetokeza nje. Itakuwa hivyo karibu kila mbao. Ingekuwa ni kukauka au kuanikwa vibaya, usingeona utaratibu wa namna hiyo.

Kuhusu ncha kupasuka: ndani ya mti, mvuto wa nje na mgandamizo wa ndani vinashikana, kila upande ukizuia mwingine. Ukikata gogo kwa kulivuka, kwenye uso wa mkato hakuna tena cha kuzuia. Mbao ya nje inajivuta kurudi ndani ya gogo, ya katikati inachomoza nje kidogo, na gogo linataka kufunguka kama ua. Ufa unaanzia kwenye kiini na kwenda nje kama miale ya nyota. Mlio uliousikia ni huo. Athari hii ya mkato huingia ndani ya gogo kwa urefu unaokaribia kipenyo chake, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaona ufa wa sentimita 20, wanakata kipande cha sentimita 30 ili kuuondoa, na uso mpya nao unapasuka vilevile. Wanakata tena. Mwisho gogo la futi 12 linakuwa la futi 10 na ufa uko palepale. Ncha zilizopasuka huondolewa baada ya kupasua mbao, si kabla. Kwa hiyo unapopima gogo, ongeza sentimita 10 hadi 15 kila upande, uzihesabu kuwa zimekwenda.

Paini nao wana mkazo huu, ila ni mdogo sana ukilinganisha na wa mkaratusi. Mbao za paini changa husumbua kwa namna yake, zaidi kwa kujisokota zinapokauka, sababu nyuzi zake zimezunguka shina. Ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine, ingawa wapasuaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini wamejifunzia kwenye paini na wanaupasua mkaratusi kwa mkono uleule. Tukumbuke pia kwamba mikaratusi ililetwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni, zikiwemo za kulisha injini za reli ya Uganda. Kwa miongo mingi ilichaguliwa kwa kukua haraka na kuchipua tena, kwa kuni na nguzo. Utulivu wa mbao haukuwa kigezo cha mtu.

Sasa, kwa nini usianike magogo. Mkazo wa ukuaji hauondoki kwa kukaa miezi mitatu. Kinachotokea ni kwamba nyufa zilizoanza siku ya kwanza zinarefuka, hasa siku za mwanzo, halafu ncha zinakauka mbele ya katikati na kuongeza nyufa zake mwenyewe. Juu ya hapo wanakuja wadudu na ukungu. Fanya kinyume chake. Angusha mti, uache shina likiwa refu kadiri unavyoweza kulivuta, na ukate vipande siku ileile utakayopasua. Kila mkato wa kuvuka ni mahali papya pa kuanzia ufa, kwa hiyo shina la mita 11 lililolala kivulini lina ncha mbili za kupasuka, wakati vipande vitatu vina ncha sita. Ikibidi vipande visubiri, viweke kivulini na uvimwagilie maji ncha zote asubuhi na jioni, au uzipake lami au rangi nzito ya mafuta saa ileile ya kukata. Rangi haizuii ufa wa mkazo, inazuia ule wa kukauka usije ukaungana nao. Magogo yenye thamani yanaweza kupigiliwa chuma chenye umbo la S au bati la meno kukatiza kiini, kama inavyofanywa kwenye nguzo za umeme. Kwa magogo madogo ya shamba gharama hiyo hairudi.

Namna ya kuangusha nayo ina neno lake. Mti ukidondoka juu ya kisiki au jiwe, unaweza kupasuka kwa urefu wake, maana tayari ulikuwa umejaa nguvu inayosubiri kisingizio. Na mkaratusi ulioinama ni hatari kwa mtu: shina linaweza kuchanika kwenda juu kabla mkato haujamalizika, likampiga aliyeshika chensoo. Miti ya namna hiyo iache, haina mbao ya kukutajirisha. Upande wake wa juu umejaa mbao ya mvuto, ambayo ni nyuzi maalumu ambazo mti hutengeneza ili ujinyooshe. Utaitambua ukiipasua: uso unatoka na manyoya kama blanketi la zamani, msumeno unapata moto, na ubao unapinda kwa namna isiyotabirika. Dalili nyingine iko kwenye kisiki, kiini kikiwa kimekaa pembeni badala ya katikati. Machipukizi ya visiki vya zamani huwa na tabia hiyo chini kabisa, pale yanapojikunja kutoka kwenye kisiki, nayo ndiyo sehemu nene ambayo mtu angetamani kuipasua.

Kwenye mashine ndiko hasa mzigo wako ulikoharibikia. Nadhani gogo lilipasuliwa mfululizo, kuanzia upande mmoja hadi wa pili, mbao za inchi 2, kisha kila ubao ukakatwa upana wa inchi 4. Ubao mpana uliopita katikati ya gogo, ukiugawa mara mbili, kila nusu inabaki na ukingo mmoja wa kiini na mwingine wa gome. Hakuna njia rahisi zaidi ya kutengeneza upinde. Isitoshe, ukianza kula gogo upande mmoja tu, unaondoa mvuto wa upande huo na kuuacha wa upande wa pili, na gogo lote linapinda likiwa kwenye toroli, katikati likitokeza kuelekea kwenye msumeno. Pima unene wa mbao zako. Sitashangaa ukikuta ni nene katikati na nyembamba kwenye ncha; mara nyingi fundi hulaumiwa kwa kutofunga gogo vizuri.

Dawa ni kuondoa nguvu kwa usawa pande zote mbili na kukiacha kiini katikati ya kipande kimoja. Tuchukue gogo lenye kipenyo cha milimita 300 bila gome, ncha nyembamba, na msumeno wa duara unaokula milimita 5. Ondoa banzi, yaani kipande cha nje chenye mgongo wa mviringo, la milimita 25. Geuza gogo nusu mzunguko, ondoa banzi la milimita 25 upande wa pili. Chukua ubao wa milimita 30, geuza, ubao wa milimita 30. Geuza tena, ubao wa pili kila upande. Jumlisha na njia za msumeno, kila upande umetumia milimita 100, na katikati kumebaki kipande kipana chenye unene wa milimita 100. Kilaze, urudie mchezo uleule: banzi, banzi, ubao, ubao, huku ukigeuza. Mwisho unabaki na boksi la 100 kwa 100 lenye kiini ndani. Ukitaka mbao za inchi 2, badala ya mbili za milimita 30 chukua moja ya milimita 60, banzi likiwa nene kidogo.

Kugeuza kila mara kunachosha watu wa dingdong na wataomba nyongeza. Kama hamuelewani, angalau wageuze baada ya banzi na ubao wa kwanza, na kabla ya kila ubao waangalie uso wa gogo kwa kamba. Ukiwa umetokeza, wapitishe msumeno kuunyoosha kwanza, hata kama milimita 5 zinakwenda maranda. Afadhali kupoteza hizo kuliko ubao mzima.

Mbao zinazopatikana hivi zote zina uso mpana unaofuata gome. Nazo zitapinda, usidanganywe, lakini zitapinda kwa uso mpana, kama ubao uliowekwa mawe mawili chini na mzigo katikati. Kupinda huko kunanyooshwa na uzito kwenye rundo, au na misumari kwenye kazi. Kupinda kwa ukingo hakunyooshwi na chochote isipokuwa msumeno. Hiyo ndiyo sababu napendelea mpango huu kwa magogo ya chini ya milimita 400, ingawa mbao zenye upana unaoelekea kwenye kiini zina sifa yake: upana wake haupungui sana zikikauka na hazipasuki sana usoni. Magogo makubwa yanaruhusu anasa hiyo. Yako bado.

Lile boksi la katikati usiliuze kama mbao ya ujenzi. Litapasuka kuanzia kwenye kiini likikauka, na mbao ya hapo ni changa na dhaifu. Kwenye mikaratusi mizee nyuzi zake huwa zimekwisha kuvunjika kwa kugandamizwa, ukilipiga linakatika kama kaki bila vibanzi. Nguzo fupi za uzio, mihimili ya kuegeshea mizigo, basi.

Urefu ni silaha ambayo wakulima wengi hawaitumii. Kina cha upinde hupungua kwa mraba wa urefu. Mbao ya futi 12 iliyopinda kwa ukingo milimita 36, ukiikata vipande vitatu vya futi 4, kila kipande kinabaki na milimita 4 tu. Kama ina upana wa milimita 100 na unaitaka inyooke, ukiinyoosha ikiwa nzima unabaki na upana wa milimita 64. Ukiikata kwanza, unabaki na 96. Huo ndio mpango wa kuokoa mzigo uliokataliwa. Tenganisha mafungu matatu. Zilizopinda kwa uso mpana zipange kwenye rundo lenye uzito. Zilizopinda kwa ukingo tafutia wateja wa vipande vifupi, kama wenye kutengeneza paleti, vitanda, viti, milango ya vipande, kisha zikate na kuzinyoosha kwa kufuata kamba. Zenye manyoya na zilizojisokota ni kuni, usizitolee jasho zaidi.

Kuanika, kwa kifupi. Mkaratusi hupungua sana unapokauka na hukasirikia jua na upepo. Rundo liwe chini ya paa, juu ya msingi ulionyooka. Fito za milimita 20 hadi 25 zipangwe kila sentimita 30 hadi 45, moja juu ya nyingine kwa mstari wima kutoka chini hadi juu. Ncha zipakwe rangi. Juu kabisa weka uzito wa takriban kilo 500 kwa kila mita ya mraba, sawa na zege la unene wa sentimita 20. Watu huweka matofali manne na kuridhika. Hayo hayafanyi kitu. Wiki za kwanza pande za rundo zifunikwe kwa magunia ili hewa ipite kidogo. Ubao wa inchi 1 utahitaji miezi mitatu hadi sita kutegemea mahali. Ukiona uso una mabonde kama bati la kufulia, seli zimeporomoka kwa kukaushwa haraka. Wenye tanuri hulirekebisha kwa mvuke wa karibu nyuzi 100 mbao zikishafika unyevu wa asilimia 15 hadi 20. Asiye na tanuri hana la kufanya.

Miti iliyobaki shambani isikatwe sasa. Mkazo wa karibu na gome hauongezeki sana mti unaponenepa, ila unasambaa kwenye umbali mrefu zaidi kutoka kiini hadi gome. Kwa hesabu ya umbo peke yake, gogo lenye kipenyo mara mbili hutoa mbao zenye upinde wa nusu, kwa urefu uleule. Miti ya mbao huachwa miaka 20 au zaidi. Kama ulipanda mita 3 kwa 3, ulikuwa na miti takriban 1,100 kwa hekta. Kwa mbao unahitaji kubaki na kama 250 hadi 300. Kupunguza kulipaswa kuanza miaka ya mwanzo. Kwa miaka 12 umechelewa, basi punguza kidogo kidogo kwa awamu mbili au tatu, maana ukifungua shamba ghafla, miti iliyobaki inayumbishwa na upepo, inainama na kuanza kutengeneza mbao ya mvuto.

Na usichague wa kubaki kwa unene peke yake. Miti iliyopandwa siku moja, mstari mmoja, hutofautiana sana kwa mkazo, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi. Kwa yale utakayokata kupunguza, fanya kipimo hiki: toa kwenye gogo la mita 2.4 ubao wa milimita 50 unaopita katikati kabisa ya kiini, upasue kwa urefu kufuata kiini, kisha uzirudishe nusu mbili zikutane kiini kwa kiini, na upime pengo kwenye kila ncha. Andika namba hiyo pamoja na kipenyo cha gogo na jina la mbegu au kloni (miche iliyozalishwa kutoka mti mmoja). Pengo la milimita 10 na pengo la milimita 40 kutoka magogo yenye kipenyo sawa ni miti ya tabia mbili tofauti, na ukiona kloni moja inarudia pengo kubwa kila mara, iache iende kwenye kuni na nguzo.